Nauli ya Mgeni

Ndani ya kila daladala kuna watu wawili wasiojua nauli: mtoto mchanga aliyepakatwa, na mgeni. Mtoto hadaiwi. Anabaki mmoja, na habari yangu ni ya huyo mmoja.

Swali lenyewe ni dogo, ndugu msomaji, na pengine utaniona mtu wa kutafuta makuu ndani ya visenti. Mgeni anapanda gari. Konda anamwuliza anakwenda wapi, anamtazama mara moja tu: mkoba wake, viatu vyake, na jinsi alivyolitamka jina la kituo. Kisha anamtajia bei. Bei si ile. Abiria kumi na wanane wanajua kwamba si ile. Wote wanageukia dirishani, utadhani Milima ya Uluguru imewekwa pale jana usiku na wao ndio kwanza wanaiona. Je, hapo aliyemdanganya mgeni ni mtu mmoja, au ni watu kumi na tisa?

Wengi niliowauliza wamenijibu bila kufikiri: konda ndiye mwizi, sisi wengine ni abiria tu, kila mtu na safari yake. Jibu hilo linaniwasha. Kuna kitu ndani yake hakikai sawa, na kurasa hizi ni za kukitafuta hicho kitu.

Niseme kwanza nimetokea wapi. Mimi si mtu wa Morogoro. Nilikuja kwa treni ya reli ya kati kutoka Kigoma, nikashuka na sanduku na godoro, na kwa muda mrefu nilikuwa kile ambacho watu wa mjini wanakiita mtu wa kuja. Lakini nimegundua kuwa katika mji huu watu wa kuja tuko wengi kuliko tunavyokiri. Morogoro ni njia panda. Pale Msamvu barabara inayotoka Dar es Salaam inagawanyika, mkono mmoja unashika Dodoma, mwingine unashika Iringa, na ukikaa pale saa moja tu utasikia Kiswahili cha nchi nzima kikinunua maji ya chupa na mayai ya kuchemsha. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Mzumbe, ambao kila mwaka wanamwagika wapya. Kuna Mazimbu, mahali ambapo wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa ardhi, wakajenga shule yao waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, wakaishi hapo tangu 1978 hadi walipoikabidhi kwa Serikali mwaka 1992 na kurudi kwao. Mji uliowapokea wageni wa namna ile ungepaswa kuwa umeshakomaa katika elimu ya ugeni.

Haya, panda gari uone.

Majina ya vituo peke yake yanatosha kukuchanganya. Nanenane ni tarehe, sikukuu ya wakulima, lakini hapa watu wanashukia. Masika ni majira ya mvua, lakini mwezi wa kumi, jua likichoma utosi, utaambiwa, “Wewe shukia Masika,” na unatakiwa ukubali. Kuna Mafiga, kuna Kola, kuna Bigwa, kuna Kihonda ambayo nayo ina matumbo yake ndani, Magorofani na kwingineko, na konda akiuliza “Kihonda ipi?” mgeni anajiona kama mtahiniwa aliyesoma kitabu kisichotahiniwa. Ukutani mwa gari hakuna ramani. Kuna stika ya timu ya mpira na onyo la kutotoa kichwa nje. Habari zote anazozihitaji mgeni, yaani gari linapita wapi, aseme “shusha” akiona nini, jero inatosha au haitoshi, zimo vichwani mwa watu waliombana kushoto na kulia. Mafuta yanasukuma magurudumu, lakini usafiri wenyewe unakwenda kwa midomo ya watu.

Hata jina daladala lilizaliwa kwenye bei. Wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka miaka ya sabini, pale mabasi ya UDA yalipozidiwa na watu, magari ya watu binafsi yakawa yanabeba abiria kwa kujificha, yakaitwa thumni kwa sababu ya nauli yake. Yaliporuhusiwa mwaka 1983 nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano ilikuwa ikiitwa dala. Konda akawa anaita dala, dala, dala! Yaani tangu mwanzo chombo hiki kilijitambulisha kwa kutaja nauli yake hadharani, kwa sauti, hata asiyekuwa na haja ya kusafiri aisikie. Wenzangu wa kalamu, mnaotafuta majina ya hadithi zenu, nendeni stendi mkasikilize. Lakini tusitoke nje ya mada.

Sasa njoo uone maajabu. Umekaa kiti cha nyuma kabisa, konda yuko mlangoni. Unatoa noti ya elfu, unampa wa mbele yako, naye anampa wa mbele yake, inapita mikono mitano ya watu usiowajua, na baada ya kitambo chenji inarudi kwa njia ileile, sarafu kwa sarafu. Miaka yangu yote sijaona noti iliyopotelea njiani. Mama anaingia na mtoto, hana pa kukaa; mtu aliyeketi ambaye hamjui wala hajamwuliza jina anasema, “Lete nikupakatie,” na mtoto anakabidhiwa. Fikiri kidogo juu ya jambo hilo. Mtoto! Mama anasimama akishika bomba, damu yake iko mapajani mwa mtu baki, na hakuna aliyeandika wala kutia sahihi. Ndoo ya dagaa, kiroba cha mkaa, redio iliyotoka kwa fundi, vyote vinapakatwa.

Basi watu hawa si wabaya. Tena nathubutu kusema kuna uaminifu ndani ya Hiace moja ya Kihonda ambao huupati katika ofisi zenye zulia. Lakini watu hawahawa, mikono hiihii iliyompakata mtoto wa mtu, mgeni akitajiwa mara mbili ya nauli inakaa kimya mapajani. Uaminifu ule umekwenda wapi?

Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na nadhani tofauti iko hapa. Noti inapopita mkononi mwako, wote wanakuona. Ikipotea itapotelea kwako, na aibu itakuwa yako peke yako. Lakini bei inapodanganywa, hakuna mkono unaoonekana. Kila mmoja anajua na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua, kwa hiyo kila mmoja anasubiri mwenzake aseme. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Nadhani na aibu ya wengi vilevile: mkishakuwa kumi na wanane inageuka kuwa utulivu tu wa watu waliochoka na kazi.

Lakini kuna wiki moja ambapo nilisikia gari zima likiongea. Mwezi wa Desemba 2023, LATRA, mamlaka inayopanga nauli za nchi kavu, ilipandisha nauli ya daladala kwa safari zisizozidi kilomita kumi kutoka shilingi 500 hadi 600. Wiki ile sote tulikuwa wageni. Jero tuliyoizoea, sarafu moja tu unayoichomoa bila kuangalia, ghafla ikawa haitoshi, na ile mia ya kuongezea haipatikani. We acha tu! Mabishano yalianzia kituoni yakaishia kituoni. Watu wakaulizana, “Wewe umetoa ngapi?” “Jana walinichaji ngapi?” “Na kutoka hapa mpaka Msamvu tu, nayo mia sita?” Hakuna aliyetazama milima. Kila mtu alitaka kujua na kila aliyejua alisema, maana ujinga ulikuwa wa wote.

Nikaona kumbe midomo tunayo.

Mwezi uliofuata watu walikuwa wameshazoea. Siku moja jioni gari letu lilikuwa linatoka mjini kwenda Kihonda, akapanda mama mmoja mtu mzima. Alikuwa ameteremka siku hiyohiyo kutoka Mgeta, na usingehitaji kuambiwa, kwani kiroba chake kilikuwa kimevimba njegere na kabichi, na tope jekundu la kule juu lilikuwa bado halijakauka miguuni. Alikuwa anamfuata binti yake aliyejifungua. Konda, kijana wa miaka ishirini na ushee, mchangamfu, akamwambia:

“Mama, wewe elfu na mia mbili. Na mzigo buku.”

Mama hakubisha. Akaanza kufungua fundo la pindo la kanga. Vidole vilikuwa vizito na gari lilikuwa linaruka mashimo, kwa hiyo kazi ile ilichukua muda, na muda wote huo gari lilikuwa kimya. Mzee mmoja mwenye baraghashia, kiti cha pembeni yangu, ndiye aliyesema.

“Kijana. Nauli mia sita.”

“Mzee, umeambiwa ulipe wewe? Tulia ufike.”

“Nimesema nauli mia sita. Mzigo mtasikilizana, nauli mia sita.”

Nami nikamuunga mkono yule mzee, na dada mmoja mwenye sare ya hospitali naye akadakia kutoka nyuma, na mara hiyo gari zima likawa hodari. Hata waliokuwa wamesinzia wakawa wanaharakati. Konda akacheka, akasema jamani namtania mama yangu, akapokea mia sita, na mzigo akautoza mia tatu. Mpaka hapo unaweza kusema hadithi imeisha vizuri.

Lakini yule mama hakumtazama konda. Alitutazama sisi, akazunguka na macho kutoka kiti hadi kiti, akasema bila hasira, kama mtu anayejifunza jambo:

“Kumbe nyote mlikuwa mnajua.”

Nimetafuta kosa katika sentensi hiyo nikalikosa. Kwa konda alitegemea kila kitu, maana konda anafanya biashara, na mtu wa Mgeta anayelima mboga za kupeleka Dar es Salaam anazijua biashara na anawajua madalali kuliko mimi na wewe. Hakumtegemea konda amwambie ukweli. Aliyemtegemea ni sisi. Alikuwa na haki gani ya kututegemea? Hatukumwahidi kitu. Hatukumjua. Hata hivyo alipogundua kuwa tulikuwa tunajua, alitutazama kama watu waliovunja ahadi, na sisi, nakuhakikishia, tulitazama chini kama watu waliovunja ahadi. Mtu haoni haya kwa ahadi ambayo hakuiweka.

Ahadi gani hiyo, basi?

Kabla ya kuijibu ni haki tumsikilize konda, kwa sababu kumtukana konda ni mchezo wa bure, kila mwandishi chipukizi ameshaucheza. Nina rafiki aliyefanya kazi hiyo, simtaji jina. Aliniambia: tajiri anataka hesabu yake jioni, iwe mvua, iwe jua, abiria wawepo wasiwepo. Mafuta ni juu yenu. Mpiga debe naye anataka chake, wakati watu wamepanda kwa miguu yao wenyewe. Trafiki akisimamisha gari, huo ni mfuko mwingine. Kinachobaki mnagawana na dereva, na kama dereva ni deiwaka ndiyo kabisa, leo yupo, kesho hayupo, hana cha kupoteza. Mshahara hakuna, mkataba hakuna. “Sasa ndugu yangu,” akasema, “wewe unamwita mgeni. Mimi namwita mshahara.”

Halafu akaongeza hoja nyingine, nzuri zaidi ya ile ya kwanza. Akasema sokoni bei ya kwanza si bei. Muuza nyanya anakwambia elfu mbili, wewe unasema elfu, mnakutana katikati, na hakuna anayemwita mwongo. Kwa nini konda aitwe mwongo?

Hoja ya soko inaonekana imara lakini haisimami. Sokoni kila mtu anatajiwa bei ya kwanza, mwenyeji na mgeni. Na sokoni una miguu. Ukiona bei mbaya unahama meza. Katika daladala gari limeshaondoka, mlango umefungwa, na aliyetajiwa bei ya kwanza ni mtu mmoja tu kati ya wote, yule asiyejua kuwa kuna ya pili. Mapatano gani hayo, ya upande mmoja kujua na mwingine kutojua hata kwamba kuna mapatano?

Hoja ya hesabu ni nzito, siwezi kuitupa. Lakini angalia mwendo wake. Tajiri anambana dereva, dereva anambana konda, konda naye anatafuta wa kumbana. Mwenyeji habaniki, atapiga kelele. Mwanafunzi wa chuo atarekodi kwa simu. Basi shida yote ile inashuka kama maji yanavyoshuka Uluguru, ikitafuta mahali pa chini, na mahali pa chini kabisa si mtu mwenye fedha nyingi. Ni mtu mwenye habari chache. Ndiyo maana ilimfikia mama wa Mgeta. Mlima wanakotoka watu wa kwao ndiko yanakoanzia maji ya mto Ruvu, ambayo Dar es Salaam inayanywa kila siku. Katika nchi yao ardhi inarithiwa kwa upande wa mama, yeye kwao ni mwenye ardhi hasa. Kilomita chache chini ya ardhi hiyo amekuwa mtu wa kuja, kwa sababu tu hajui tarakimu moja.

Wapo watakaosema: sawa, mama wa Mgeta tumhurumie, lakini mzungu je? Anakuja na begi kubwa mgongoni, anataka kupanda Lupanga kwa ajili ya kupiga picha, tiketi yake ya ndege ni mshahara wa mwalimu wa mwaka. Akilipa buku mbili kwenda Bigwa kuna ubaya gani?

Hili nalo tulitazame bila jazba. Kwamba watu tofauti walipe bei tofauti, si dhambi. Nenda lango la Hifadhi ya Mikumi, hapo jirani tu: mgeni wa nje analipa kiingilio kikubwa kuliko raia wa Afrika Mashariki, na imeandikwa, anaisoma kabla hajatoa fedha, anaweza kugeuza gari akarudi zake. Ndani ya daladala hiyohiyo mwanafunzi analipa 200 wakati sisi tunalipa 600, na hakuna anayesema ameibiwa. Kama tunaona wageni wenye uwezo walipe zaidi, tuseme hivyo, tubandike pale mlangoni: mwenye begi la kupandia mlima, elfu mbili. Mbona hatubandiki? Hatubandiki kwa sababu tunajua kwamba kinachotamu pale si ile elfu moja na mia nne iliyozidi. Ni yeye kutojua. Na kile kicheko kidogo kinachopita garini akishashuka, sote tunakifahamu.

(Nikiwa kwenye wanafunzi: wao konda hawadanganyi, anawakataa tu. “Denti mmoja! Mmoja tu!” na kituo kina watoto thelathini wenye madaftari, jioni, wingu limeshuka mlimani. Bei yao ni ya wazi na ya halali, na kwa sababu hiyohiyo wanaachwa. Hilo linahitaji makala yake, na nitalia wakati wa kuiandika.)

Nirudi kwenye ahadi. Jiulize wewe uliijuaje nauli. Je, ulikwenda ofisi ya LATRA ukasoma waraka? Nani anakwenda? Uliijua kwa sababu uliona mwenzako ametoa ngapi. Naye aliona kwa mwenzake. Serikali inapanga nauli, kweli, lakini nauli inayofanya kazi, ile inayoishi, inakaa katikati yetu kama maneno yanavyokaa. Neno “maji” lina maana ya maji kwa sababu sisi sote tunalishikilia hivyo, asubuhi na jioni, bila mkutano wowote. Mgeni anayejifunza lugha yetu anatuegemea sote. Hawezi kuuthibitisha ukweli wa neno mahali pengine popote ila vinywani mwetu. Umeshaona wale vijana wanaomfundisha mzungu tusi wakimwambia ndiyo salamu? Mmoja anasema tusi, watano wanaitikia kwa kichwa, na mzungu anakwenda kulitumia mbele ya wazee. Nani aliyemdanganya, yule aliyelisema au wale waliotikisa kichwa? Bila vichwa vile uongo usingesimama.

Konda naye vivyo hivyo. Peke yake hawezi kumdanganya mgeni. Uongo wake unahitaji mashahidi kumi na wanane wa kuukalia kimya, na ukimya wa watu wanaojua, mbele ya mtu anayetegemea wajuao, unasikika kama neno “kweli”. Mgeni anatazama nyuso zetu. Anaona hakuna aliyeshtuka. Anahitimisha: basi ndiyo bei. Sisi ndio tuliomwambia.

Watu wa Ulaya wamelizungumza suala la mgeni kwa ukubwa. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani ambaye maisha yake yote hakwenda mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika mwaka 1795, katika kijitabu chake kuhusu amani ya kudumu, kwamba mgeni ana haki ya kutotendewa kama adui kwa kosa la kuingia tu nchi ya watu. Nzuri, lakini ni ndogo. Sisi tunayo yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbuka mwaka 1962 alipoieleza Ujamaa, akikazia jembe, yaani wajibu wa mgeni kufanya kazi. Mimi naomba tuzikazie kidogo zile siku mbili. Katika siku mbili hizo mgeni hajui kisima kiko wapi, nani mkali, mbwa yupi anauma. Na mwenyeji anamwambia, kwa kuwa bila kuambiwa hata hilo jembe la siku ya tatu hatajua akalime wapi. Sasa ugeni wa daladala unadumu dakika ishirini. Hauna siku ya tatu. Mgeni huyu hatalima shamba lako kamwe, hatakulipa, hatakukumbuka, na unachoombwa ni kutamka maneno mawili: mia sita.

Nimepata kujiuliza kama kifaa kingetuondolea mzigo huu. Hiace nyingi zinazotubeba zilianzia maisha Japani. Nyingine bado zina maandishi ya kule ubavuni, na sisi tunapanda bila kujua kama tunatangaza chekechea au duka la samaki. Kule Japani, katika mabasi ya miji mingi, mgeni anaingia mlango wa nyuma, anachomoa kikaratasi chenye namba, na juu ya dereva kuna ubao unaoonyesha namba yake inadaiwa kiasi gani, kila kituo kinapopita. Hamwulizi mtu. Anaweza kuwa bubu, anaweza kuwa ametoka Kigoma. Na hapa kwetu mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam tangu 2016 yanakata tiketi kabla hujapanda, na treni ya umeme iliyoanza kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024 haina konda wa kukutazama viatu. Naipenda hali hiyo, sitaki kudanganya. Mtu anayesema mashine zinaua utu wetu, mara nyingi si yeye aliyekuwa anatozwa mara mbili.

Ila ubao haupakati mtoto. Na yule mama, angesomewa 600 na taa nyekundu, angefika Kihonda salama na asingejua hata kidogo alikuwa amekaa na watu wa namna gani. Sijui kama hiyo ingekuwa faida yake au yetu.

Hata hivyo ubao haupo, na keshokutwa hautakuwepo, gari la kesho asubuhi litajaa watu na mgeni mmoja. Wapo wanaoogopa kusema kwa sababu konda wengine wana midomo michafu, na dereva anaweza kukupitisha kituo makusudi. Hofu hiyo ina sababu. Lakini nimemwona bibi mmoja wa Mji Mpya, muuza vitumbua, mwenye njia yake. Hagombani na mtu. Akiona amekaa karibu na mgeni, anatoa nauli yake mapema, anaihesabu kwa sauti, mia tano, na mia, kisha anampa mgeni mkononi: “Mwanangu, nisaidie kumpa konda, mia sita hiyo.” Mgeni anaipokea, anaiangalia kwa sababu ni amana ya mtu, anaipeleka mbele. Mikono ileile.

Makonda wameshamgundua. Siku hizi mgeni akipanda na yule bibi yumo, wanadai nauli yake pale pale mlangoni, kabla hajakaa.